Utangulizi wa Mengineyolojia: Uainishaji wa Habari za Wanachama katika Vikundi vya Kufa na Kuzikana, Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Mwanafunzi, kaa vizuri. Simu ilaze kifudifudi, maana somo tunaloliingia halimvumilii mtu anayechungulia pembeni. Wenzako wamesoma nyota, wamesoma mifupa ya mijusi iliyokufa kabla babu zetu hawajapata babu, wamevaa majoho na kupigwa picha na shangazi zao, na bado hakuna hata mmoja anayeweza kukueleza kwa nini katika kikao chochote cha kikundi, kuanzia Kasumulu mpakani hadi Matema chini ya mlima, mambo yote yenye uzito husemwa baada ya mwenyekiti kutangaza kwamba tunakaribia kufunga. Pengo hilo katika elimu ya binadamu limedumu kwa aibu. Leo tunaliziba.

Andika.

Fasili ya 1. Mengineyo ni kipengele cha ajenda kinachokaa kati ya Taarifa ya Mhazini na sala ya kufunga. Vipengele vinavyokitangulia, yaani kufungua kikao, kusoma muhtasari na Yatokanayo, vipo ili wajumbe waliochelewa wapate muda wa kufika na kulipa faini.

Fasili ya 2. Habari ya mwanachama ni tamko linalotolewa ndani ya Mengineyo na mjumbe aliyesimama huku ameshika kitu. Kitu chenyewe hakina masharti: leso, kofia, fimbo, au mgongo wa kiti cha aliyekaa mbele yake. Mjumbe asiyeshika kitu hatoi habari, anatoa maoni, na maoni yana taaluma yake iliyo chini sana ya hii.

Fasili ya 3. Mengineyolojia ni elimu ya hayo yote. Anayeisoma huitwa mwanamengineyo. Anayeipinga huitwa mgeni mwalikwa.

Sasa uwanja. Bonde la Kyela limebanwa na Milima ya Livingstone mashariki, miinuko ya Rungwe kaskazini, Mto Songwe na Malawi upande wa machweo, na ziwa lenyewe kusini, ambalo uso wake uko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inamwaga maji hapa. Mvua ya mwaka huvuka milimita 2,000, na kwa sehemu nyingine huvuka mbali. Watafiti wazembe wamehitimisha kutokana na hayo kwamba mahali hapa panafaa kwa mpunga, ndizi na kakao. Ni kweli, lakini ni jambo la pembeni. Mahali hapa panafaa kwa vikao. Kama unavyofahamu, mvua ya mwezi wa nne ikishika, aliyeingia kwa jirani kuomba moto atatoka kesho. Na ukishakusanya watu thelathini chini ya bati moja bila njia ya kutoka, hiyo ni akidi. Jiografia ilianza kuitisha vikao vya Kyela kabla ya katibu yeyote kuzaliwa.

Mbinu yetu ya utafiti inaitwa ushiriki-kiti. Mtafiti huketi karibu na mlango, halipi mpaka aitwe jina, na huandika. Utauliza takwimu ziko wapi. Takwimu zimo katika daftari la Mhazini, na daftari la Mhazini halifunguliwi na asiye Mhazini. Kwa hiyo taaluma yetu haina takwimu hata moja, jambo linaloipa usafi ambao uchumi umeukosa.

Kidogo kuhusu historia, kwa ajili ya mtihani. Tarehe 23 Februari 1905, mjini Chicago, wakili aitwaye Paul Harris alikutana na wenzake watatu wakaanzisha Rotary, wakawa wanakutana kwa zamu katika ofisi za wanachama. Mwaka 1917, mji ule ule, wakazaliwa Lions. Vitabu vinasimulia habari hizi kana kwamba jua lilichomoza mara ya kwanza siku hiyo. Kama unavyofahamu, Godfrey na Monica Wilson walipofanya utafiti wao katika nchi ya Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walikuta vijana wanaojenga kijiji chao cha rika, wakilala pamoja, wakilima, na wakizunguka kwa zamu kula katika nyumba za mama zao. Yaani kila kitu cha Chicago kilikuwepo, isipokuwa kwamba Chicago hawakupika. Kitaaluma, klabu isiyopika ni mkutano tu.

Tuje kwenye nyakati zetu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa katika daraja la nne, chini ya benki ndogo, chini ya wakopeshaji, chini ya SACCOS. Usidanganyike na neno daraja. Dari liko juu na msingi uko chini, na nyumba haikai juu ya dari. Sanduku la kufuli tatu, linalotumika katika vikundi vya aina hii tangu mradi wa CARE kule Niger ulioanza mwaka 1991, hapa Kyela limefikia ukamilifu wake wa kifalsafa: funguo tatu hushikwa na watu watatu wasiopendana. Watu wanaopendana huweza kukubaliana.

Sasa shika kalamu kwa nguvu, tunafika kwenye Kanuni ya Kwanza.

Hakuna habari ya mwanachama isiyo na mchango ndani yake. Habari ni mchango ambao kiasi chake bado hakijatajwa.

Kutokana na kanuni hii tunapata dhana ya Masafa-Changizi: umbali uliopo kati ya salamu ya kwanza, “Mugonile”, na kutajwa kwa fedha. Umbali huo haupimwi kwa dakika. Dakika za kikao hazilingani. Za kabla ya chai ni ndefu, na za wakati wa chai hazipo. Kipimo chetu ni idadi ya mara ambazo mzungumzaji anasema “kama mnavyofahamu”, kwa kifupi KMF. (Umoja wake, “kama unavyofahamu”, unahesabiwa sawasawa, kwa kuwa mtu akisimama mbele ya mtu mmoja naye anaweza kuhitaji fedha.) Habari ya KMF moja huishia kwenye rambirambi iliyomo ndani ya katiba. Ya KMF tatu imekwisha kutoka nje ya katiba na inaomba busara za wajumbe. Ikifika KMF tano, mlezi wa kikundi huanza kutafuta miwani yake. Ikifika saba, Mhazini huanza kulifunga daftari polepole, pasipo mlio.

Wapo wanamengineyo wa upande wa Ipinda wanaodai kwamba kikohozi cha kutangulia, yaani kikohozi-tangulizi, nacho kina thamani ya nusu KMF. Dai hilo linaweza kupuuzwa. Ipinda kuna vumbi.

Aina ya Kwanza: Habari-Msiba.

Hii ndiyo inayokipa kikundi jina lake, na ndiyo iliyo tajiri kuliko zote, kwa hiyo tutakaa hapa. Katiba ya kawaida hulipa anapofariki mjumbe, mwenza wake, mtoto wake au mzazi wake. Waandishi wa katiba waliamini kwamba mtu ana wazazi wawili. Walikuwa watu wema, wengi wao walimu wa hesabu. Uwanjani, mwanafunzi, tumekuta tabaka nne za wazazi.

Kwanza, Mzazi-Zazi: aliyemzaa mjumbe, na mashahidi wapo. Hawa huisha haraka. Pili, Mzazi-Ukoo: ndugu wa baba, ndugu wa mama, na wenzao wote. Kama unavyofahamu, huku kwetu ndugu wa baba ni baba. Udogo na ukubwa wake ni mambo ya wakati wa uhai, mbele ya jeneza hakuna baba mdogo. Mwisho wa tabaka hili haujapatikana. Kuna mjumbe ambaye ameshazika baba wanne, na wa tano anakohoa. Tatu, Mzazi-Malezi: aliyemlipia mjumbe ada, au aliyempa kitanda alipokwenda kusoma Mbeya. Nne, Mzazi-Ghafla: yule ambaye hakuwahi kusikika katika uhai wake, hakuwahi kutembelewa wala kutumiwa salamu, akajitokeza kwa mara ya kwanza akiwa marehemu, mwishoni mwa Novemba, wiki mbili kabla ya mgao.

Kamati za utendaji zimejaribu tiba. Tiba maarufu ni usajili: kila mjumbe aandike majina mawili, na hao tu ndio wazazi wake mbele ya kikundi. Tiba hii ina kasoro ya kimantiki ambayo nitakuachia uifikirie, lakini nikupe kidokezo: mjumbe alipoambiwa achague wawili, hakuchagua waliomzaa. Alichagua wakongwe.

Pia jifunze kutofautisha vitenzi, maana mtihani hupenda hapo. “Amefariki” hudai rambirambi. “Hatunaye” hudai rambirambi na mchele, tena mchele wa Kyela wenyewe unaonukia nyumba ya tatu, si ule unaouzwa Dar es Salaam kwa jina la Kyela na haujawahi kuona ziwa. “Ametangulia mbele ya haki” husemwa na mjumbe wa kwaya na hudai nauli ya kwaya. “Tumepata pigo” hudai turubai, viti, sufuria mbili kubwa na kijana wa kukesha na spika. Na “hali si nzuri” ni habari ambayo bado haijakomaa; Mhazini mzoefu huiandika kwa penseli.

Mwaka 1939 Godfrey Wilson alichapisha uchunguzi wake wa mazishi ya Wanyakyusa, akaeleza kilio cha wanawake na ngoma ya vijana wenye mikuki. Leo mikuki imepisha spika. Wingi wa ndizi haujaguswa, na hapo ndipo mtafiti makini anapaswa kuweka jicho: msiba hupimwa kwa mikungu iliyoletwa bila kuombwa, na katibu asiyeihesabu kwa siri hajaanza kazi.

Aina ya Pili: Habari-Neema.

Sifa kuu ya habari hii ni kwamba hailetwi na mwenyewe. Mjumbe aliyefiwa husimama. Mjumbe aliyejaliwa hukaa, tena hukaa nyuma, akiwa amevaa shati lililochanika begani ambalo sisi tunaliita vazi-kinga. Habari yake hutolewa na jirani, ambaye huanza kwa kumpongeza.

Chanzo chake kikubwa siku hizi ni kakao. Mwezi Machi 2024, baada ya mavuno mabaya Ivory Coast na Ghana, bei katika soko la New York ilivuka dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Mtu wa Chicago alilipia chokoleti yake kwa uchungu na akadhani habari imeishia pale. Haikuishia. Ilikuja Kyela na kuharibu muundo mzima wa Mengineyo. Kama unavyofahamu, kakao yetu huuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, na bei ya mnada hutangazwa hadharani; mtoto wa shule ya msingi anaijua. Kwa hiyo mjumbe hawezi kuficha bei. Kitu pekee kilichobaki kuficha ni kilo. Ndipo tukaona watu wazima, wenye wajukuu, wakipeleka kakao ghalani kabla ya adhana ya alfajiri, kwa baiskeli, kwa mafungu, kila fungu likipita njia yake. Ndipo pia ikazuka ile sayansi ndogo ya kukadiria kilo kwa upana wa turubai la kuanikia. Bei iliposhuka mwaka 2025, habari hiyo, tofauti na ile ya kupanda, ilitolewa na wajumbe wenyewe, kwa sauti, bila kuulizwa, na wengine walisimama kabla ya Yatokanayo.

Usicheke. Kuna msingi wa kinadharia. Monica Wilson, katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, ameeleza imani ya wazee kwamba mtu anayejaliwa akala peke yake, asiwaalike majirani, huweza kupatwa na “pumzi ya watu”: minung'uniko yao humfikia mwilini ikamletea baridi na homa. Wanazuoni wa nje waliiweka imani hii katika mlango wa uchawi. Mengineyolojia inaiondoa huko na kuiweka panapostahili, katika mlango wa utawala bora. Ni mfumo wa ukaguzi wa hesabu usiohitaji mkaguzi, posho wala gari. Mjumbe akijenga nyumba ya matofali ya kuchoma asilete hata debe la mchele, kikao kizima humsalimia kwa pumzi ya puani. Nimeona mtu mwenye afya njema akivaa sweta mwezi wa kumi na moja.

Kwa hiyo Habari-Neema nayo inatii Kanuni ya Kwanza, ila mwelekeo wake umegeuzwa: hapa anayetoa habari ndiye anayedai, na anayehusika na habari ndiye anayelipa. Mwanafunzi asiyeliona hili ataishia kuwa mjumbe wa kawaida.

Tanbihi ya kihistoria: madhara ya kutokuwa na Mengineyo.

Ziwa letu limeipatia dunia kielelezo kimoja kisicho na mfano. Agosti 1914, habari za kuanza kwa vita zilimfikia Kapteni Rhoades, Mwingereza, nahodha wa meli ya Gwendolen. Hazikumfikia Kapteni Berndt, Mjerumani, ambaye meli yake, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kule Liuli kwa matengenezo. Wawili hawa walikuwa wakikutana ziwani na kunywa pamoja miaka ya amani. Kwa maneno mengine, walikuwa kikundi. Rhoades akafika, akafyatua mzinga. Berndt akapanda mashua ndogo, akamfuata kwa hasira kuuliza kama amelewa. Akaambiwa kuna vita, na kwamba yeye ni mateka.

Wanahistoria wamelihesabu tukio hili miongoni mwa ushindi wa kwanza wa majini katika vita ile, na magazeti ya London yalilifurahia. Uchambuzi wa kitaaluma ni mwingine kabisa. Kama unavyofahamu, mjumbe hapaswi kupigwa mzinga juu ya jambo ambalo halijapitishwa kikaoni. Rhoades hakusalimia. Hakushika kitu, isipokuwa mzinga, ambao kwa Fasili ya 2 unakubalika, lakini alikuwa ndani ya meli na hatujui kama alisimama. Masafa-Changizi yalikuwa sifuri: alikwenda moja kwa moja kwenye dai. Berndt kwa upande wake aliuliza swali sahihi, ambalo ndilo huulizwa hata leo mtu anapovamia kipengele cha Mengineyo bila utangulizi. Vikundi vya Kyela vina vifungu vya faini kwa kosa la kulewa kikaoni. Havina kifungu cha mizinga, na napendekeza kiongezwe.

Aina ya Tatu: Habari-Maji.

Mafuriko, mtumbwi uliopinduka, wavu uliochukuliwa, mpunga uliofunikwa. Michango yake ni ya kueleweka na haina mengi, isipokuwa tatizo moja ambalo limewagawa wataalamu. Katiba nyingi hutoa pole kwa janga lililotokea “ndani ya nchi”. Chukua mjumbe mvuvi aliyepoteza nyavu zake majini akifuata usipa. Je, alikuwa ndani ya nchi? Malawi hushikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, kwamba mpaka unafuata ufuko wa upande wetu. Tanzania hushikilia kwamba mpaka uko katikati ya maji. Marais wastaafu wa nchi nyingine wameombwa kusuluhisha na suala halijakwisha. Kikundi, hata hivyo, hulazimika kulimaliza kabla ya chai. Suluhisho lililozoeleka ni kumwuliza mjumbe kama pale alipopinduka aliweza kuuona mlima wa Matema. Akiuona, analipwa.

Songwe ina tabu ya kinyume. Kama unavyofahamu, mto ule hupenda kuhama, na mpaka unaufuata. Mtu hulala na shamba lake Tanzania akaamka liko ng'ambo. Serikali mbili zimekuwa na mpango wa pamoja wa bonde la Songwe, na kuutuliza mto ni moja ya sababu zake. Mengineyolojia haiingilii kazi za wahandisi. Inachouliza ni hiki: shamba likihama nchi, ni msiba au ni safari? Kama ni msiba, ni rambirambi ya mzazi au ya mtoto? Mjumbe mmoja mwenye busara aliamua ni mkwe, kwa kuwa bado lipo ila limehamia kwao, na kikao kikalipa nusu.

Aina ya Nne: Habari-Safari. “Nimetoka Dar es Salaam, ndugu zetu wa kule wanawasalimu sana.” Mchango wake unajulikana: ndugu wa kule wana kikundi chao, wana harambee, na kadi ziko ndani ya mfuko wa rambo alioushika. Tuendelee.

Aina ya Tano.

Hapa, mwanafunzi, naomba utulivu, kwa sababu tunaingia mahali ambapo taaluma nzima inatikisika. Katika kikao kimoja, baada ya mwenyekiti kusema tunakaribia kufunga, alisimama mzee. Alishika fimbo, kwa hiyo Fasili ya 2 ilitimia. Akasema, “Mugonile.” Tukaitikia. Akasema mvua kwake imekatika. Akasema mbasa wameanza kupanda Mto Kiwira, na kwamba mwaka huu amewaona wakubwa. Akasema goti lake la kushoto limepona. Kisha akakaa.

Mhazini alikuwa ameshafungua daftari. Alibaki hivyo, kalamu juu. Katibu, ambaye ni mtu wa taratibu, akauliza, “Kwa hiyo, Tata, kikundi kifanye nini?” Mzee akajibu kwamba kikundi kisifanye kitu, amekuja kukaa na watu tu.

Kikao kilivurugika. Mjumbe mmoja alisema huu ni mchango ulioahirishwa, na kwamba kikao kijacho goti la kulia litauma. Mwingine akaona ni Habari-Neema iliyojificha: mzee kavua mbasa, na tusubiri harufu. Hoja ya tatu, iliyotolewa na Mama Mlezi, ilikuwa kwamba wazee wa zamani walihamia vijiji vya rika kwa sababu hiyo hiyo, ukwangala, kufurahia kukaa na wenzao, na kwamba kina Wilson walilizungushia jambo hilo kitabu kizima. Kwa nini basi sisi tushangae mzee wetu akilifanya bure? Hoja hiyo ilikuwa na vielelezo vya kutosha, ilikuwa na nguvu, na kwa sababu hiyo ilipelekwa kwenye kamati ndogo.

Msimamo wangu ni wa kitaaluma. Habari isiyo na mchango haiwezekani, kwa Kanuni ya Kwanza. Habari ile ilitolewa. Kwa hiyo mchango upo na bado haujaonekana, kama ilivyokuwa kwa sayari fulani kabla ya darubini kuwa kubwa. Nimeiandikisha kwa muda kwa jina la Habari-Tupu, na kila mwezi mimi huketi karibu na yule mzee kufuatilia. Hadi sasa ameniambia habari za mwembe wake, za mjukuu anayeanza kutembea, na za wakati meli ya Songea ilipokuwa ikitia nanga Itungi na watu wote wakitelemka kuitazama. Nimeandika yote. Ananikatia na muwa. Muhtasari rasmi wa kikao kile, aliouandika Katibu, unasomeka hivi: “Mjumbe alitoa hoja. Hoja haikuwa na kiasi. Kikao kiliahirishwa.”

Zoezi la nyumbani.

Swali la 1. Mjumbe amesimama, ameshika kofia, amesema “hali si nzuri” na akatazama upande wa shamba lake la kakao. Taja aina, tabaka, na rangi ya kalamu anayopaswa kutumia Mhazini.

Swali la 2. Eleza tofauti kati ya mjumbe aliyechelewa kwa sababu ya mvua na mjumbe aliyengoja mvua ndipo achelewe. Onyesha faini ya kila mmoja.

Swali la 3. Kapteni Berndt alistahili rambirambi? Jibu kwa kurejea kifungu cha mali ya mjumbe iliyo nchi kavu.

Majibu yaletwe kwa mkono. Kabla hujaondoka, mwanafunzi, nimesimama hapa nyuma yako nimeshika mgongo wa kiti chako kwa sababu kuna jambo dogo limebaki. Taaluma hii haina jengo. Tunafundishia chini ya turubai la kuazima, na mwenye turubai amepata pigo, analihitaji kuanzia Ijumaa. Viti navyo ni vya kanisa. Kama unavyofahamu, elimu ni ya wote, na si busara mzigo ukamwangukia mtu mmoja wakati wanafunzi mpo, mna afya, na msimu wa kakao umefunguliwa. Wenzako wa mwaka jana walitoa elfu ishirini ishirini, na wapo walioongeza mchele. Daftari umelishika wewe mwenyewe. Andika jina lako na kiasi, halafu usilifunge, kuna mwingine nyuma yako.